Kabla ya kulipa tiketi: namna ya kupima neno la kampuni ya ndege juu ya viza

Kutoka Nyangwe, kando ya Lualaba, mpaka kwenye dirisha la ubalozi ni safari ndefu. Msafiri anapanda pikipiki mpaka Kasongo, anafuata barabara ya Kindu ambayo wakati wa mvua inaweza kula siku nyingi, kisha anatafuta ndege ya Kinshasa. Karibu balozi zote za kigeni ziko Kinshasa. Inchi chache tu ndizo zina konseli Lubumbashi ao kwenye miji mingine. Na vita viliposimamisha safari za ndege za Goma na Kavumu mwanzoni mwa 2025, njia zilizobaki kwa watu wa Maniema zilizidi kuwa chache.

Ndiyo sababu wakaaji wengi wa Kasongo na Kabambare wanaotaka kwenda ng'ambo, kutibiwa India, kununua bidhaa Dubai, kuhiji Maka, kusoma ao kuzika ndugu, hawaanzi kwa kuuliza ubalozi. Wanapigia simu mtu anayeuza tiketi. Jibu mara nyingi ni fupi: "Mama, enda tu, viza utapewa kulekule." Ao: "Papa, pale unapita tu, viza ya nini?"

Kwa maneno hayo familia inauza magunia ya mchele wa msimu mzima, ao gramu chache za dhahabu, na tiketi inalipwa. Kama jibu halikuwa sahihi, kosa halionekani Kasongo. Linaonekana kwenye uwanja wa N'djili, saa mbili kabla ndege haijaruka, mbele ya mfanyakazi anayegeuza kurasa za paspoti na kutikisa kichwa.

Si kwamba kampuni za ndege zinadanganya. Mara nyingi jibu lao ni la kweli, lakini ni jibu la swali lingine. Makala haya yanaeleza neno lao linatoka wapi, linaishia wapi, na namna msafiri aliye mbali na Kinshasa anavyoweza kulipima kabla feza haijatoka mkononi.

Nani anaamua nini?

Safari moja ina milango kadhaa, na kila mlango una mwenye ufunguo wake.

Ubalozi, konseli ao ofisi ya viza ndiyo inatoa viza. Idara Kuu ya Uhamiaji ya Kongo, DGM, ndiyo inaangalia karatasi za msafiri anapotoka inchini. Kampuni ya ndege inaamua kama msafiri atapanda ndege. Na mwisho wa yote, ofisa wa uhamiaji wa inchi anakofika ndiye anaamua kama ataingia. Ofisa huyo anaweza kuuliza tiketi ya kurudi, mahali pa kulala, feza za kuishi, ao barua ya hospitali inayomngojea mgonjwa. Hata mwenye viza halali anaweza kurudishwa kama majibu yake hayaeleweki.

Kwa hiyo mfanyakazi wa kampuni ya ndege anaposema "unaweza kusafiri", anachosema kwa kweli ni hiki: "kwa karatasi hizi, tutakupandisha." Hasemi kwamba utaingia, wala kwamba ukifika utaruhusiwa kufanya kile kilichokupeleka.

Mfano wa hija unaonyesha tofauti hiyo vizuri. Mwenye viza ya matembezi ya Saudia anaweza kupokelewa kwenye ndege ya Jeddah bila shida. Lakini kuhiji kunahitaji ruhusa ya hija yenyewe, na viza ya matembezi haitoshi. Katika hija ya mwezi wa sita 2024, wakati wa joto kali, serkali ya Saudia ilitangaza vifo vya watu 1,301, na ilisema kwamba asilimia 83 kati yao hawakuwa na ruhusa ya kuhiji. Wengi walitembea mwendo mrefu juani, bila kivuli na bila mahali pa kupumzika. Ndege ilikuwa imewafikisha. Ruhusa ndiyo ilikosekana.

Kampuni ya ndege inatoa wapi jibu lake?

Mfanyakazi wa kaunta hajui kwa kichwa kanuni za inchi zote duniani. Anasoma kwenye kompyuta. Kampuni nyingi zinatumia Timatic, hazina ya habari za paspoti, viza na chanjo inayosimamiwa na IATA, shirika la kimataifa la kampuni za ndege. Kazi hiyo ilianza kama kitabu mwaka wa 1963. Siku hizi mfanyakazi anaingiza uraia, aina ya paspoti, inchi anakotoka msafiri, anakopitia na anakokwenda, na mashine inajibu. Tovuti nyingi za kampuni za ndege zinampa hata msafiri nafasi ya kuuliza hazina hiyohiyo bila malipo.

Kampuni inajali jambo hili kwa sababu ya mfuko wake. Kufuatana na kanuni za kimataifa zinazotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, mtu akikataliwa kuingia, kampuni iliyomleta ndiyo inapaswa kumwondoa. Inchi nyingi zinaongeza faini juu yake. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 2001, ulitaka kila inchi mwanachama iweke faini kwa kila abiria aliyeletwa bila karatasi: ama kiwango cha juu kisichopungua euro 5,000, ama kiwango cha chini kisichopungua euro 3,000.

Hapo msafiri anapaswa kuelewa mambo mawili. La kwanza: jibu la kaunta lina uzito, kwa sababu kampuni yenyewe inaogopa kulipa. La pili: jibu la mtu wa simu, aliyesema bila kuangalia mashine na ambaye hatalipa chochote, halina uzito huo. Na masharti ya tiketi karibu ya kila kampuni yanasema kwamba kuwa na karatasi kamili ni kazi ya abiria mwenyewe. Mtu akikataliwa kwa kukosa viza, kusema "ajansi iliniambia" hakumrudishii feza yake.

Makosa yanaingilia wapi?

Hazina ikiwa sahihi, jibu bado linaweza kupotoka kwa sababu ya namna swali lilivyoulizwa. Kwa msafiri wa Kongo kuna mitego mitano inayorudi mara kwa mara.

Mtego wa kwanza ni Kongo mbili. Kwenye orodha za kompyuta, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jamhuri ya Kongo, ile ya Brazzaville, zinafuatana. Kidole kikiteleza, jibu lote linakuwa la inchi nyingine. Mwezi wa sita 2025 Marekani ilitangaza katazo la kuingia kwa raia wa inchi 12: Jamhuri ya Kongo ilikuwa kwenye orodha ile, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haikuwamo. Dawa yake ni herufi tatu: chini ya ukurasa wa picha, katika mistari miwili ya kusomwa na mashine, paspoti ya Kinshasa ina COD, ya Brazzaville ina COG. Anayeuliza aseme COD.

Mtego wa pili ni inchi ya kupitia. "Unabadilisha ndege tu" ni neno lililowakwamisha wengi. Kwa sheria ya viza ya Umoja wa Ulaya ya 2009, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni kati ya inchi 12 ambazo raia wao wanahitaji viza ya kupita kwenye uwanja wa ndege wa inchi za Schengen, hata kama hawatoki nje ya uwanja. Anayepita Brussels ao Paris akienda inchi nyingine anaguswa na kanuni hiyo. Wako wanaosamehewa, kama wenye kibali cha kuishi cha inchi ya Schengen, ao wenye viza halali ya Marekani, Kanada ao Japani. Lakini msamaha huo unatakiwa kuhakikishwa mapema, si kwenye foleni. Uingereza nayo ina orodha yake, na Kongo imo.

Mtego wa tatu ni tiketi mbili. Kwa kutafuta bei nafuu, komisioneri anaweza kununua tiketi ya Kinshasa mpaka Addis Ababa, kisha nyingine, ya kampuni tofauti, kutoka Addis Ababa mpaka Mumbai. Kwenye tiketi moja, mzigo unapelekwa mpaka mwisho na abiria anangoja ndani. Kwenye tiketi mbili zisizounganishwa, mara nyingi anapaswa kutoka, kuchukua mzigo na kujiandikisha upya, maana yake kupita uhamiaji wa inchi ya katikati. Pale anahitaji ruhusa ya kuingia ambayo hakuna aliyemtajia.

Mtego wa nne ni habari iliyozeeka. Kenya inatosha kuwa mfano. Mpaka katikati ya 2023 Mkongomani aliomba viza. Mwezi wa tisa 2023, baada ya Kongo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, viza hiyo iliondolewa kwa Wakongomani. Mwezi wa kwanza 2024 Kenya iliacha viza kwa wageni wote na kuanzisha kibali cha kuombwa kwenye intaneti kabla ya safari, pamoja na misamaha kwa raia wa inchi kadhaa. Mara mbili kanuni imebadilika katika muda wa miezi sita. Ndugu aliyesafiri mwaka jana anasema kweli, lakini ni kweli ya mwaka jana.

Mtego wa tano ni vitu vidogo vilivyo nje ya viza. Inchi nyingi zinataka paspoti iwe na miezi sita ya uhai mbele yake. Nyingi zinataka kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka Kongo. Tangu mwezi wa saba 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, kadi hiyo inafaa kwa maisha yote, hata kama ya zamani imeandikwa miaka kumi. Jina la tiketi lisipolingana na la paspoti, hata kwa herufi chache, safari inaweza kusimama. Na mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, ao na shangazi, anaweza kuulizwa ruhusa iliyoandikwa ya wazazi na cheti cha kuzaliwa.

Namna ya kuhakikisha, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza: kuandika swali lote kabla ya kuuliza. Uraia COD, paspoti ya kawaida, inaisha tarehe fulani, kutoka Kinshasa, kupitia mji fulani kwa saa kadhaa, tiketi moja ao mbili, kwenda mji fulani, sababu ya safari, siku za kukaa. "Je, Mkongomani anahitaji viza ya India?" ni swali la nusu, na swali la nusu linaleta jibu la nusu.

Hatua ya pili: kuuliza mwenye ufunguo kwanza. Tovuti ya uhamiaji ao ya wizara ya mambo ya inje ya inchi ya kwenda, kisha ubalozi wake Kinshasa kwa simu ao barua pepe. Kwa safari za inchi nyingi za Ulaya, Kinshasa kuna kituo cha viza cha Ulaya kinachosimamiwa na Ubelgiji. Na swali lilelile linaulizwa kwa kila inchi ya kupitia, si ya mwisho tu.

Hatua ya tatu: kuuliza kampuni ya ndege yenyewe, ile ambayo jina lake liko kwenye tiketi, ama kwa kujaza habari kwenye tovuti yake, ama kwa kuiandikia. Kama safari ina kampuni mbili, zote mbili zinaulizwa, sababu kila moja inaangalia karatasi kwa upande wake.

Hatua ya nne: kulinganisha. Majibu yakifanana, vizuri. Yakitofautiana, feza inabaki mfukoni mpaka tofauti ielezwe. Kampuni ikisema "viza haihitajiki" na ubalozi ukisema "inahitajika", ubalozi ndio unasema kwa niaba ya mwenye nyumba. Ubalozi ukisema "haihitajiki" na kampuni ikakataa, msafiri anaomba ubalozi uandike barua, kisha anaipeleka kwa kampuni mapema. Akisubiri mpaka siku ya safari, kaunta inaweza kumkataa hata kama haki iko upande wake.

Hatua ya tano: kuuliza tena siku tatu ao nne kabla ya kuondoka Kasongo. Kanuni inaweza kubadilika wakati mtu yuko barabarani.

Mwenye shida ya intaneti anaweza kumtuma ndugu aliye Kindu, Bukavu ao Kinshasa, lakini amtume na swali lililoandikwa, na amwombe picha ya jibu lenyewe pamoja na tarehe yake. Asiridhike na muhtasari wa mdomo.

Ajansi, komisioneri na tovuti za bandia

Kuna inchi ambako kampuni ya ndege kweli inasaidia kupata viza. Dubai ni mfano: viza za matembezi zinaweza kuombwa kupitia kampuni za ndege za kule, hoteli ao ajansi. Wadanganyifu wanajificha nyuma ya ukweli huo. Anayeahidi "viza na tiketi pamoja" aulizwe maswali matatu: ombi linapelekwa kwa ofisi gani, namba yake ni ipi, na namba hiyo inaangaliwa kwenye tovuti gani ya serkali. Asiyejibu hayo, asipewe feza.

Tovuti nayo inachunguzwa. Tovuti za serkali mara nyingi zinaishia kwa alama ya serkali ya inchi, kama .go.ke kwa Kenya, .go.tz kwa Tanzania ao .gov.in kwa India. Tovuti zinazouza "viza ya haraka" zinaweza kutumia bendera na rangi zilezile, kisha zikatoza mara mbili ao zikapotea. Anwani inaandikwa herufi kwa herufi. Kufuata tangazo la kwanza linalotokea kwenye simu ni hatari.

Neno lililoandikwa

Nyangwe inajua tangu zamani hasara ya kungojea ahadi. Mwaka wa 1871 mtembezi Mskoti David Livingstone alikaa pale karibu miezi minne akitafuta mitumbwi ya kumvusha Lualaba. Hakuipata, alitegemea watu waliokuwa na maslahi yao wenyewe. Baada ya mauaji ya sokoni ya tarehe 15 mwezi wa saba mwaka ule, ambayo watu wa Nyangwe wangali wanayakumbuka, alirudi Ujiji. Mwaka wa 1876 Henry Morton Stanley alipofika Maniema, aliandikiana kwanza mkataba na Tippu Tip: mwendo wa siku ngapi, kwa dola ngapi. Yeye alipita.

Kwa msafiri wa leo maana ni nyepesi. Jibu la simu linafuatwa na ujumbe ao barua pepe yenye maneno haya: "Leo mmeniambia kwamba kwa paspoti COD, njia hii na tarehe hii, sihitaji viza ya kupita. Naomba mthibitishe." Jibu linachapishwa na kubebwa pamoja na tiketi, nakala ya kanuni kutoka tovuti ya serkali, na namba ya simu ya ubalozi.

Akikataliwa kwenye uwanja

Hata aliyejiandaa anaweza kukwama. Kelele hazisaidii, dakika ndizo zina thamani. Kwanza, aombe kwa utulivu mfanyakazi aangalie tena kama aliingiza COD na njia yote ya safari. Pili, aombe kuonana na msimamizi na kumwonyesha karatasi zilizochapishwa. Tatu, kama jibu linabaki lilelile, aombe sababu ya kukataliwa kwa maandishi, na saa na tarehe yake. Nne, kabla ya saa ya ndege kupita, aombe tiketi isogezwe ao ifutwe, sababu kwa tiketi nyingi asiyefika bila kutoa habari anapoteza zaidi.

Karatasi hiyo ya sababu si kitu bure. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilihukumu tarehe 30 mwezi wa nne 2020 kesi ya abiria raia wa Kazakhstan aliyezuiwa Larnaca, Kisiwa cha Kupro, kupanda ndege ya Bukarest kwa kuambiwa karatasi zake hazitoshi. Mahakama ilisema kwamba neno la kampuni peke yake halimwondolei abiria haki zake. Hakimu anapaswa kuchunguza kama sababu ya kumkataa ilikuwa na msingi. Kanuni hiyo ya Ulaya inahusu ndege zinazotoka kwenye viwanja vya Umoja wa Ulaya, na zile za kampuni za Ulaya zinazokwenda kule, hata zikitokea Kinshasa. Abiria ambaye karatasi zake kweli zina kasoro hapati fidia. Aliyekuwa nazo zote na akakataliwa kwa kosa la kampuni, ana mahali pa kuanzia.

Kwa familia ya Nyangwe ao ya Kabambare, lakini, kesi ni ndefu na Kinshasa ni mbali. Kinga iliyo rahisi ni ile inayofanyika kabla ya kuuza mchele: simu mbili, barua pepe mbili, na siku chache za kungojea jibu. Tiketi inaweza kulipwa kesho. Ikishalipwa kwa haraka, kuirudisha ni shida.